Kisanduku Kilichopanda Juu ya Mtukufu

Usiniulize nchi yenyewe iko wapi. Nikikutajia utasema umewahi kuishi huko, na mimi sitaki ugomvi na watu wa pasipoti. Jua tu kwamba ipo, ina bendera, ina viongozi wanaoipenda kuliko yenyewe inavyotaka kupendwa, na kila jambo ndani yake hufanywa kwa mchoro.

Sisemi michoro ya nyumba wala ya watoto wa chekechea. Nasema ile ya visanduku na mishale. Mtu wa kule akitaka kuchimba choo, huanza na mchoro: kisanduku chake yeye chini kabisa, mshale kwenda kwa mjumbe, mshale kwenda kwa Afisa Mashimo, mshale kwenda kwa mkubwa wa Afisa Mashimo, na kadhalika mpaka juu kwa Mtukufu Mchora Mstari wa Kwanza, mkuu wa nchi, ambaye kisanduku chake ni cha dhahabu, chenye picha yake, na hukaa kileleni mwa kila mchoro, hata ule wa kutibu minyoo ya mbuzi. Na baina ya afisa mmoja na mwingine hakikosekani kisanduku kidogo cha kijivu kilichoandikwa Njoo Kesho. Mshale ambao haujapitishwa huwa wa vitone. Ukipitishwa, mstari unakuwa mzito, na hapo ndipo choo kinachimbwa, kama mwombaji bado ana haja.

Basi katika Wizara ya Visanduku na Mishale alikuwapo bibie mmoja, Sikudhani binti Kibwana, mchoraji daraja la pili, mwenye kicheko cha kusikika ghorofa ya chini. Siku hizo furaha ilikuwa imemkaa kichwani kama kilemba, maana Jumamosi alikuwa anaolewa na Hemedi, fundi wa mafriji. Mchele umeshapetwa, hina imeshalowekwa, na shangazi yake Mwanahawa ameshagombana na wapambaji wote wa mjini. Kilichobaki ni mchoro wa ndoa tu. Kisanduku cha Sikudhani na cha Hemedi vilikuwa vimeunganishwa kwa vitone, na msajili wa ndoa alikuwa ameapa kwamba hafungishi mtu na vitone.

Sasa Jumatatu asubuhi Sikudhani akawasha kompyuta ya Wizara. Loo! Michoro yote ya taifa ilikuwa imepigwa maandishi mekundu mshazari, kutoka pembe hii hadi pembe ile: NAKALA YA MAJARIBIO. MUDA WAKE UMEKWISHA.

Kisa ni kwamba michoro hiyo ilichorwa kwa programu iitwayo Chorabora, mali ya kampuni moja ya ng'ambo, na leseni yake ilikuwa imemalizika. Wala usidhani Serikali ilizembea. Mchoro wa kulipia leseni mpya ulichorwa mapema kabisa. Ulikuwa bado una vitone.

*

"Bi Sikudhani," alisema Waziri, Mheshimiwa Profesa Kishindo, akifuta jasho kwa tai, "Mtukufu ameonekana."

"Mbona kila siku anaonekana, Mheshimiwa?"

"Ameonekana ana maandishi mekundu usoni! Nakala ya majaribio! Muda wake umekwisha! Picha yake iko hivyo katika kila ofisi ya nchi hii. Kuna watu wamekamatwa sokoni kwa kosa la kusoma kwa sauti." Akashusha pumzi. "Ile kompyuta, nani aliigusa mwisho?"

"Mimi, Mheshimiwa, lakini niliiwasha tu..."

"Basi. Umeigusa."

Hapo inabidi nikueleze, kwa sababu wewe hukukulia kule. Ile nchi ina Sheria ya Mgusaji wa Mwisho. Kitu kikiharibika, hawahangaiki kumtafuta aliyekiharibu. Wanamchukua aliyekigusa mwisho, na kuanzia hapo kitu hicho ni chake, na mwingine haruhusiwi kukigusa mpaka yeye amalize. Ndiyo maana maafisa wa kule hutembea mikono nyuma, milango wanaisukuma kwa kiwiko, na faili huhamishwa kwa rula. Bomba likipasuka mtaani, utaona wahandisi wamelizunguka mikono mifukoni, wanalihurumia.

"Ijumaa," Waziri aliendelea, "ni Sikukuu ya Mchoro. Mtukufu atafungua Mchoro Mkuu wa Taifa mbele ya mabalozi. Kampuni nimeipigia mimi mwenyewe. Wameniambia simu yangu ni muhimu sana kwao, kisha wakanipigia muziki. Nimeusikiliza mpaka saa ya chakula. Muziki wenyewe si mbaya, lakini leseni hamna. Tafuta programu nyingine, mama. Ikifika Ijumaa haijapatikana, sahau kazi, na hiyo ndoa yako itabaki na vitone mpaka wajukuu."

Sikudhani alitoka mle akihesabu siku kwa vidole. Kazi alikuwa anaipenda kiasi. Hemedi alikuwa anampenda kuliko kiasi.

*

Mchana Hemedi alimletea chapati na maharage, akamkuta anaruka kwenye kiti kama ameketi juu ya siafu.

"Hemedi, njoo uone! Nimeipata. Inaitwa Mistari. Ni programu huria, haina leseni!"

"Nayo imekwisha?"

"Haikuwapo tangu mwanzo! Watu wameitengeneza, huyu yuko nchi hii, yule nchi ile, hata hawajaonana. Wakaiweka mtandaoni kila mtu achukue. Ukitaka unaifungua ndani, unaona ilivyoundwa, na ukitaka unairekebisha."

Hemedi maisha yake yote alikuwa anapambana na mafriji yaliyofungwa kwa skrubu ambazo bisibisi yake hupatikana kiwandani tu. Akaweka chapati chini.

"Yaani hata skrubu zake wamekuachia?"

"Zote."

"Na wao wanapata nini?"

"Wanaipenda tu."

"Mh!" Akatafakari. "Kama mimi na wewe basi."

Sikudhani alicheka hadi ghorofa ya chini wakajua Bi Sikudhani ameletewa chakula. Wakaijaribu palepale mtandaoni, bila kuipakua, kwa mchoro wao wa ndoa, wakaona kitu cha ajabu. Chorabora ilikuwa inakiacha kila kisanduku pale kilipopigiliwa na mkubwa. Mistari ilikuwa na kawaida yake: visanduku vyenye maneno yaleyale inaviunganisha kuwa kimoja, halafu kile kinachopitiwa na mishale mingi inakipandisha juu. Visanduku vikakimbizana pale kwenye skrini, vikapishana, vikatulia. Juu kabisa ya harusi nzima, juu ya bwana na bibi na msajili, akawa amekaa shangazi Mwanahawa.

"Hee!" alisema Hemedi. "Programu ya kweli hii."

Tatizo lilikuwa vitone. Vilikuwa palepale, kwa sababu kati ya bibi na bwana kulikuwa na kile kisanduku cha kijivu, na chenyewe huruhusiwi kukitoa bila amri kutoka juu.

*

Kupata programu ya bure ilikuwa rahisi. Kuichukua bure ndiko kulikoleta kizaazaa.

"Muuzaji ni nani?" aliuliza Bwana Chizenga, Afisa Manunuzi, mtu mpole aliyevaa suti hata akiwa mgonjwa.

"Hakuna muuzaji, bwana. Ni ya bure."

"Bure inatoka duka gani?"

"Haitoki dukani. Naipakua mtandaoni sasa hivi, kabla hujamaliza kupiga chafya."

"Bi Sikudhani, dada yangu, nisikilize." Chizenga alimhurumia kweli. "Kitu kisicho na muuzaji hakina risiti. Kisicho na risiti hakijanunuliwa. Ambacho hakijanunuliwa, Serikali haina. Sasa unataka Mtukufu asimame mbele ya mabalozi afungue kitu ambacho hana?"

Ikatangazwa zabuni ya kuiuzia Serikali kitu cha bure. Wakaja wazabuni, suti kwa suti. Wa kwanza alisema atatoa bure ya kawaida, akafukuzwa kwa dharau. Wa pili alikuwa na bure ya daraja la kwanza, iliyoagizwa. Wa tatu, ambaye kwa bahati njema tu alikuwa shemeji wa Waziri, alileta bure ya kifahari yenye dhamana, na bei yake ilikuwa kubwa mno hivi kwamba wajumbe wa kamati walisimama kwa heshima.

"Hii si bure ya ovyoovyo!" Waziri aliwahutubia wanahabari. "Ndugu wananchi, kwa miaka mingi tumedharauliwa, tukiletewa bure hafifu, bure ya mitumba! Leo, chini ya mstari wa busara wa Mtukufu, taifa letu limejinunulia bure yake lenyewe!"

Alhamisi mzigo ukapokelewa kwa tarumbeta. Lilikuwa sanduku kubwa lenye utepe. Chizenga akalifungua kwa rula, akachungulia, akaona ndani hamna kitu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Ndiyo yenyewe," akasema. "Imefika kamili." Akaenda kutafuta mtu wa kutia sahihi, na kwa kuwa Sikudhani alikuwa ameshaligusa lile sanduku alipokuwa anacheka, akatia yeye.

Aliporudi mezani aliipakua Mistari kabla chai haijapoa.

"Kesho tu, mpenzi," alimwambia Hemedi kwenye simu. "Mchoro Mkuu ukifunguka salama, Waziri ameahidi kuniombea amri. Kesho tu."

"Hilo neno kesho," Hemedi alisema, "silipendi."

*

Ijumaa ukumbi ulijaa pomoni. Mabalozi mbele, mawaziri nyuma yao mikono imefichwa, kwaya ya Taifa ukutani. Mtukufu alikuwa amevaa joho lililotariziwa mishale, yote ikimwelekea yeye. Alibonyeza kitufe kwa kijiti cha dhahabu, maana hata yeye alikuwa anaiogopa ile Sheria.

Mchoro Mkuu wa Taifa ukafunguka. Michoro yote ya nchi pamoja: vyoo, ndoa, mbuzi, jeshi, mazishi, barabara. Kwa dakika moja tamu kisanduku cha dhahabu kilikuwa kileleni, safi, bila maandishi mekundu, na watu wakapiga makofi.

Kisha Mistari ikaanza kupanga.

Visanduku vikarukaruka kama bisi kwenye sufuria. Vile vya kijivu, kila kimoja kutoka kona yake ya nchi, vikaanza kukutana. Hiki cha Afisa Mashimo kikamezwa na kile cha hospitali, kikaja cha pensheni, kikaja cha mahakama, kikanenepa, kikavimba, kikapanda. Kikaipita ngazi ya wakuu wa wilaya. Kikawapita mawaziri. Kikamsukuma Mtukufu kwa ubavu, kikakaa juu ya nchi nzima, kikubwa kama uwanja wa mpira: NJOO KESHO. Hapakuwa na mshale hata mmoja usiopita mle. Kisanduku cha dhahabu, ambacho kumbe hakuna mshale uliowahi kukifikia, wala hakikuwa kimeunganishwa na kitu isipokuwa picha zake ukutani, kikaserereka taratibu mpaka chini kushoto, kikatulia kati ya Choo cha Wageni na Stoo ya Mapazia.

Ukumbi kimya. Kiongozi wa kwaya, masikini, akadhani kimya kile ndicho ishara yake, akainua mikono. Kwaya ikaikabili skrini, ikaimba kwa hisia: "Juu yetu sote uko weee, utulindeee, tukungojeee!"

Balozi mmoja akapiga makofi. "Nimetembea nchi nyingi," alimwambia jirani yake, "sijaona serikali yenye ukweli hivi."

"Kishindo," alisema Mtukufu kwa sauti ndogo. "Ni nini kile kilicho juu yangu?"

"Mtukufu, ile ni... hatua. Ni hatua ya kiutaratibu."

"Ifutwe."

"Itafutwa, Mtukufu! Tutaunda kamati mara moja, na wajumbe wake tutawaambia waje ke..." Akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Sasa hivi! Nani wa kuifuta?"

Kipanya cha kompyuta kilikuwa pale mezani, peke yake. Mawaziri wakatazama dari. Mkuu wa Majeshi akagundua kamba ya kiatu chake imelegea. Anayekigusa kile kipanya ndiye mgusaji wa mwisho wa nchi nzima, na kila litakalotokea ni lake.

Sikudhani alikuwa amesimama kando. Akigusa na mambo yakaharibika, kesho badala ya bibi harusi atakuwa mahabusu mwenye hina. Asipogusa, vitone. Akaitazama skrini. Mbali kule pembeni, vidogo kama punje za mtama, aliviona visanduku viwili: Sikudhani, Hemedi. Kutoka kwa kila kimoja vitone vilipanda, vikapotea ndani ya lile dude la kijivu. Basi hasira zikampanda, hasira hasa, za mtu ambaye mchele wake umeshapetwa.

"Amri imetoka juu, si ndiyo?" aliuliza kwa sauti.

"Ndiyo!" mawaziri wakaitikia pamoja.

Akakishika kipanya kwa mkono mzima, akafuta.

*

Jamani! Chorabora ukifuta kisanduku, mishale yake inakufa. Mistari ukifuta kisanduku, mishale yake inashikana mikono: uliotoka kwa mwombaji ukaunganika moja kwa moja na muhuri. Vitone vikayeyuka nchi nzima. Mistari mizito ikashuka kama mvua, na printa katika kila ofisi zikaanza kunguruma zenyewe.

Mchana ule haujasahaulika kule. Mzee mmoja alipelekewa kibali cha kufunga laini ya simu ya mezani, akakikumbatia akilia, hata simu ya mezani ilivyo alikuwa amesahau. Wajane walilipwa pensheni wakiwa bado wajane. Wanafunzi wa shule fulani walipata ruhusa ya safari ya mbugani, wakaenda na wake zao na vipara vyao, wakiimba ndani ya basi. Watu walikimbia barabarani na karatasi mkononi wakipiga kelele, "Wangu mzito! Wangu mzito!" Mwanamke mmoja alijifungulia hospitali ileile aliyokuwa ameombea kitanda, na mtoto akapata cheti kabla hajalia mara ya pili.

Na kutoka kwenye printa ya Wizara ilitoka karatasi moja yenye visanduku viwili, na kati yao mstari mnene, mweusi, umenyooka. Sikudhani aliibusu hadi wino ukambaki mdomoni. Jumamosi akaolewa, na wino ule msajili alidhani ni urembo mpya wa mjini. Shangazi Mwanahawa aliongoza kila kitu.

*

Fungate haijaisha, Profesa Kishindo akabisha hodi.

Alikuwa amekonda. Sikudhani alimkaribisha barazani, hina bado nyekundu viganjani. Hemedi alikuwa ndani anaimba, amefungua friji la watu.

"Bi Sikudhani, mambo si mazuri," alisema Waziri. "Watu hawaji ofisini. Wakija wanahudumiwa, wanaondoka. Hakuna anayenisubiri kwenye benchi, hakuna anayeniamkia mara mbili. Jana nilikaa ofisini siku nzima nikagundua sijui kazi yangu ni ipi. Na hilo ni dogo." Akainama. "Lile ombi la wananchi la uchaguzi. Unalikumbuka?"

"Nililichora mimi, Mheshimiwa. Lilikuwa na Njoo Kesho kila hatua."

"Mshale wake umenyooka. Limefika mezani kwa Mtukufu. Analitazama tu, hali, hanywi." Akasogea, akanong'ona. "Rudisha kile kisanduku, mama. Ni kubonyeza tu. Mwingine hawezi kugusa, wewe ndiye mgusaji wa mwisho. Sheria unaijua."

Sikudhani alimtazama. Alimwonea huruma, hilo sikufichi, kwani alilelewa vizuri. Halafu akakumbuka vitone. Akakumbuka yule mzee wa simu ya mezani. Akatabasamu, akaweka mkono kifuani kwa adabu zote.

"Mheshimiwa," akasema, "njoo kesho."

Profesa Kishindo alikuwa amelitamka neno hilo maisha yake yote, ila hajawahi kuambiwa, na mwili wake ukajua wenyewe la kufanya. Akasimama, akashukuru, akatoka kinyumenyume.

Kesho yake akaja. Akaja tena na Bwana Chizenga, kisha na Mkuu wa Majeshi. Sasa hivi ukipita mtaa ule asubuhi utawakuta kwenye benchi lililotengenezwa na Hemedi, wanapishana nafasi, wanalalamika kwamba fulani amechomekea foleni, na shangazi Mwanahawa anawapa chai ya rangi na kuwaambia wapunguze kelele. Mwisho kabisa wa benchi huketi mtu mmoja mwenye kofia kubwa na miwani myeusi, eti asitambulike, na chini ya koti lake linachungulia joho lenye mishale.

Sikudhani alimtambua siku ya kwanza tu. Akamwamkia vizuri, akamwuliza hali ya nyumbani, akasikiliza shida yake mpaka mwisho. Kisha naye akaambiwa aje kesho.